Mwenye Nguvu Mpishe? Gurudumu, Msitu na Wajibu wa Raia

Tunapojadili uharibifu wa misitu nchini mwetu, mjadala huanzia kwenye shoka, hupitia kwenye moto na kuishia kwenye gunia la mkaa. Gurudumu halitajwi. Hata katika semina za vyuo vikuu, ambako tumezoea kuhesabu hekta zilizopotea na miche iliyopandwa, ni nadra kumsikia mtu akiuliza: gari lililotuleta hapa limeacha nini nyuma yake?

Siku hizi swali hilo haliwezi kuahirishwa. Katika miji yetu limezuka tabaka la watu wenye uwezo wa kumiliki magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na pikipiki ndefu zilizotengenezwa mahususi kwa njia mbovu. Mwisho wa wiki huunda misafara wakaelekea milimani na misituni. Jambo hilo lenyewe si baya. Kwa miaka mingi tumelalamika kwamba utalii wetu ni wa wageni. Mtanzania anayeutembelea msitu wa nchi yake anastahili kupongezwa. Kinachonisumbua ni picha zinazorudi kutoka huko: gari limezama kwenye tope hadi vitasa vya milango, matairi yanazunguka mahali pamoja, udongo unaruka hadi kwenye majani ya miti, na wenzake wanashangilia. Picha kama hiyo husambazwa na kusifiwa kama ushujaa. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu, naisoma kama waraka wa kisiasa, kwa sababu inaonyesha namna ambavyo mtu mwenye nguvu hujiona mbele ya mali ya wote pale ambapo hakuna anayemtazama.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Msituni, wajibu upimwe kwa alama ambayo gurudumu linaiacha ardhini, si kwa hadhi ya mtu aliyeshika usukani. Kwa sasa tunafanya kinyume chake.

Ili tusizungumze hewani, tuitazame Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, ikawa ya kwanza ya aina yake nchini. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo wanasayansi huihesabu miongoni mwa maeneo yenye viumbe wengi wasiopatikana kwingineko duniani. Humo wamo vinyonga na vyura wa milima hii tu, na humo huota kwenye miamba yenye kivuli ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, ambalo afisa mmoja wa Kijerumani alilipeleka kwao mnamo mwaka 1892 na leo hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya. Mvua hapo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Kutoka Muheza unapanda zaidi ya kilometa 30, unapita Zigi, na kuanzia hapo barabara hujikunja kuelekea juu kama nyoka anayepanda mti. Hata lami itakapofika kila mahali katika barabara kuu, njia za ndani ya msitu zitabaki za udongo, tena udongo mwekundu usiosamehe.

Historia ya Amani inaweza kusimuliwa kwa magurudumu peke yake. Gurudumu la kwanza kubwa lilikuwa la treni: Wajerumani, waliokwisha kufungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Zigi, na miongoni mwa shehena zake yalikuwa magogo. Reli iling'olewa zamani. Jengo la kituo chake bado lipo Zigi, na wageni hupokelewa hapo. Gurudumu la pili lilikuwa la malori ya magogo katika miaka ya 1970 na 1980, enzi ya uvunaji wa mashine ulioungwa mkono kwa misaada ya Finland. Barabara zilichongwa katika miteremko mikali, miti mikubwa ikaanguka, na penye mwanga mpya ukaenea mti wa kigeni uitwao Maesopsis eminii, ambao hadi leo wahifadhi wanahangaika nao. Kelele za wanasayansi na wananchi ziliusitisha uvunaji huo, na kwa kinaya ambacho wanafunzi wa misaada ya kimataifa wanapaswa kukikumbuka, ni Finland hiyohiyo iliyosaidia baadaye kuanzishwa kwa hifadhi. Gurudumu la tatu ni letu: Land Cruiser ya mradi, gari la familia ya mjini, pikipiki ya starehe, na bodaboda ya kijijini.

Nimetaja historia hii kwa sababu moja. Katika kila awamu, barabara ilitangulia na madhara yakafuata. Aliyefungua njia hakuwa lazima ndiye aliyeharibu. Lakini bila njia yake, mharibifu asingefika. Kwa hiyo mtu anayeligeuza gari lake kutoka kwenye njia rasmi, akapita mita 200 tu kati ya miti ili apate mahali pazuri pa kupiga picha, hajaharibu mita 200. Amefungua mlango. Wiki ijayo pikipiki itapita hapo. Mwezi ujao atapita mwenye msumeno.

Sasa tuiangalie ardhi yenyewe. Udongo wa msitu si kama udongo wa uwanja wa mpira. Umejaa vitundu vilivyotobolewa na mizizi, minyoo na wadudu, na kwa vitundu hivyo mvua huzama taratibu hadi kwenye chemchemi. Gurudumu zito likipita, hasa udongo ukiwa umelowa, vitundu hivyo huzibana. Sehemu kubwa ya madhara hutokea katika mapito machache ya mwanzo. Kwa hiyo kauli ya “nimepita mara moja tu” si utetezi. Maji yasiyoweza kuzama hutafuta pa kwenda, na mahali pepesi kuliko pote ni ule mfereji wa tairi ulioelekea bondeni. Mvua ya kwanza huusafisha, ya pili huuchimba, na baada ya misimu miwili mitatu umekuwa korongo. Dereva anayefuata, akiliogopa korongo, hupita pembeni. Wa tatu hupita pembeni zaidi. Njia iliyokuwa na upana wa gari moja inakuwa uwanja, dari ya miti inapasuka, jua linaingia, na magugu yanayopenda jua, kama lantana na Clidemia hirta, yanapata makao. Mbegu zake wakati mwingine zimeletwa na tope lililoganda kwenye matairi yetu wenyewe.

Udongo ule hauishii bondeni. Mto Zigi unakusanya maji ya milima hii na kuyapeleka katika bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani maji huenda kwenye mabomba ya Jiji la Tanga. Mama anayefungua bomba lake Ngamiani hajawahi kuiona Amani, wala hana gari. Lakini tope lililochimbuliwa huko juu linamhusu, kwa kuwa gharama ya kuliondoa majini lazima ilipwe na mtu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ili kupanua na kuboresha huduma ya maji. Wananchi na taasisi waliweka akiba zao humo. Haingii akilini kwamba jamii ikope mabilioni kwa ajili ya maji safi, halafu iwaruhusu watu wachache wayachafue kwa burudani, kwenye chanzo chake.

Lakini gurudumu si moja, na hapa ndipo wahifadhi wengi hukosea kwa kuwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Katika misitu yetu ya milimani hupita watu wa aina nne. Yupo mkazi. Kwake njia ya msituni si burudani. Ndiyo barabara yake. Bodaboda inayoshusha iliki, mdalasini au ndizi, inayompeleka mjamzito hospitali au mtoto shuleni, ina haki ya njia hiyo kuliko mgeni yeyote. Yupo mtalii, wa ndani au wa nje, ambaye amelipa kiingilio na anataka kufurahi. Yupo mtumishi: wa serikali, wa mradi, wa chuo kikuu, mwenye gari lenye namba za STK, SU au DFP ubavuni mwake na safari ya kikazi mfukoni. Na yupo mvunaji haramu, anayebeba mbao au mkaa usiku kwa pikipiki isiyo na taa. Huyu wa mwisho simtetei. Najua umaskini unaomsukuma, na najua pia kwamba mkaa anaoubeba unaungoja mji usiotaka kuulizwa unakotoka. Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuzifikia asilimia 80 ya kaya ifikapo mwaka 2034, ni sera ya misitu kama ulivyo sera ya jikoni. Hata hivyo, tukimwondoa huyo wa nne, bado tunabaki na watatu, na katika hao watatu tumezoea kumbana aliye mwepesi zaidi.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Sitautaja msitu wenyewe, ila si Amani, na sitaitaja mamlaka inayousimamia, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki askari mmoja wa lango. Nilikuwa na kundi la wanafunzi wangu wa sera za umma. Niliwaagiza wakae karibu na kizuizi tangu asubuhi hadi adhuhuri, wasiulize kitu, waandike tu nani anapita na anapokewaje. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alikuja kijana wa bodaboda na viroba viwili vya tangawizi. Aliteremka, akavua kofia, akafungua viroba, akachomoa karatasi ya kijiji, akasubiri, akaruhusiwa. Alikuja mwingine amempakia bibi mgonjwa. Naye aliulizwa anakotoka na anakokwenda. Kisha ukaja msafara wa magari matano makubwa, matairi ya kashata, moja likiwa na namba ya serikali ingawa siku ile ilikuwa Jumapili na ndani yake kulikuwa na watoto na majiko ya kuchomea nyama. Kizuizi kiliinuliwa kabla magari hayajasimama. Askari akapiga saluti.

Mchana tulipanda kwa miguu. Kilometa chache kutoka langoni tuliona magari yale yalipoiacha barabara na kuuparamia mteremko wenye majani, pengine kwa mashindano. Mifereji miwili ilipanda moja kwa moja hadi juu, ikiwa imechimbwa na matairi yaliyokuwa yakiteleza. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuwa akikata majani ya mbuzi, aliitazama kwa muda kisha akaniambia, “Mwalimu, hii sasa si njia tena. Masika yakikolea, huu ni mto, na mto wenyewe unateremkia kwenye shamba la binti yangu.” Mwanafunzi mmoja akamuuliza kwa nini asiende kutoa taarifa. Mzee akatabasamu. “Nikamwambie nani, mwanangu? Yule aliyepiga saluti?”

Jibu lile lina somo la utawala bora kuliko mihadhara yangu ya muhula mzima. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kwa anayetembea kwa miguu kwenye njia nyembamba, huo ni ushauri wa kuokoa maisha. Lakini dola haikuundwa ili kuurudia ushauri huo. Iliundwa ili mwenye nguvu naye apishe. Askari wa lango, anayelipwa mshahara mdogo na kukaa mbali na wakubwa wake, hakuubuni utaratibu wa kumpigia saluti mwenye shangingi. Aliukuta. Ameona mwenzake aliyeuliza maswali akihamishwa, na mwenzake aliyenyamaza akibaki. Tukitaka abadilike, lazima kwanza sisi tulio ndani ya magari tukubali kusimama bila kulazimishwa, kuteremsha kioo, kusema tunakwenda wapi na tutarudi saa ngapi, na kuuliza kama njia inapitika leo bila kuumia. Kwa mtumishi wa umma anayesoma hapa, naongeza: namba ya serikali kwenye gari si kibali cha kuingia msituni, na siku ya mapumziko haina safari ya kikazi.

Kuhusu sheria, hatuna uhaba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa vibali kwa shughuli mbalimbali ndani ya misitu ya hifadhi. Katika hifadhi za taifa, kuendesha gari nje ya barabara zilizowekwa ni kosa linalojulikana kwa kila mwongozaji watalii. Tunachokosa ni utamaduni wa kuuona wajibu unaoanzia pale kibali kinapoishia. Kibali kinasema unaweza kuingia, hakisemi uingieje. Mtu anaweza kuwa na risiti halali mfukoni na bado akafanya uharibifu ambao mkata kuni asingeufanya kwa mwaka mzima.

Basi niseme kwa uwazi wajibu huo ni upi, maana falsafa isiyofika kwenye usukani haina faida. Dereva mwenye busara huanza nyumbani: huuliza hali ya hewa, huwasiliana na ofisi ya msitu, na njia ikiwa imelowa huahirisha. Kuahirisha ndiko kunakookoa ardhi kuliko ustadi wowote wa usukani. Huosha tope la matairi na la chini ya gari kabla ya kusafiri, ili asibebe mbegu za magugu kutoka bonde moja hadi jingine. Hukagua matairi, kwa kuwa tairi kipara huteleza, na tairi linaloteleza huchimba. Akifika kwenye njia, hubaki humo. Akikuta dimbwi, na akishajiridhisha juu ya kina chake, hupita katikati taratibu badala ya kuchonga njia mpya pembeni. Penye mteremko huweka gia ya nguvu, huenda kwa mwendo wa hatua, na huiacha injini ifanye kazi ya kushikilia gari. Penye udongo laini hupunguza upepo wa matairi kidogo ili yakanyage kwa upana, na huujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Gari likikwama, huondoa mguu kwenye mafuta. Akilazimika kulivuta kwa winchi, huuzungushia mti mkanda mpana, si waya mtupu, kwa maana waya hukata gome, na mti uliokatwa gome kwa mzunguko hufa polepole ukiwa umesimama. Mto huvuka kwenye kivuko kilichopo, kwa kuukata moja kwa moja. Haoshi gari mtoni. Taka zake hurudi nazo.

Mwendesha pikipiki ana wajibu wa ziada, kwa sababu chombo chake kinafika mahali ambapo gari haliwezi. Wepesi wa pikipiki humdanganya. Tairi lake ni jembamba, na akivuta mafuta kwa ghafla huchimba kama jembe. Pale ambapo njia imejikunja ili kupunguza mteremko, kishawishi cha kukata kona na kushuka moja kwa moja ni kikubwa. Waliojikunjia njia hiyo hawakuwa wajinga, walikuwa wakiyapunguzia maji kasi. Kelele nayo ni uharibifu. Bomba la moshi lililotobolewa ili lingurume linaweza kumpa kijana wa mjini fahari ya dakika moja, lakini linawafukuza ndege na kumnyima mkazi utulivu wa Jumapili yake. Apunguze mwendo anapowakuta watu kwa miguu, na mwenye mzigo kichwani apewe nafasi asimame vizuri. Baada ya mvua ajue kwamba barabara ni ya viumbe wengine pia: jongoo huvuka kwa makundi, na kinyonga havuki kwa haraka ya mtu yeyote.

Kuna watakaosema kwamba haya ni masharti ya nchi tajiri. Nawakumbusha kuwa nchi hizo ziliyaweka baada ya kuumia. Nchini Marekani, ni Rais Richard Nixon, ambaye hakuna atakayemwita mwanaharakati, aliyetoa agizo mwaka 1972 kwamba taasisi zinazosimamia ardhi ya umma zitenge waziwazi maeneo na njia ambako vyombo vya namna hii vinaruhusiwa na ambako haviruhusiwi, kwa kuzingatia udongo, vyanzo vya maji, wanyama na watumiaji wengine. Mwaka 1977 Jimmy Carter aliliimarisha kwa kuzielekeza taasisi hizo zifunge mara moja eneo linaloonekana kuharibika. Katika jimbo la Victoria nchini Australia, ambako kuendesha pikipiki na magari msituni ni mchezo unaopendwa sana, pikipiki lazima isajiliwe na mwendeshaji awe na leseni hata akiwa kwenye njia ya msituni, na njia nyingi hufungwa katika miezi ya baridi na mvua, kwa kawaida kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Oktoba. Haifungwi kwa sababu watu hawapendwi, bali kwa sababu ardhi imelowa. Nasi tuna masika yetu, Machi hadi Mei, na tunayajua kuliko tunavyozijua tarehe za bajeti.

Pingamizi jingine ni zito zaidi: hifadhi zinahitaji fedha, na wenye magari makubwa ndio wanaolipa. Ni kweli. Lakini kiingilio kisichotosha kurekebisha njia iliyoharibiwa na mlipaji wake si mapato. Ni mkopo ambao utalipwa na mwingine. Greda, kifusi na kalavati vina bei. Wanaobaki na njia iliyokatika ni wanakijiji, na kwao kukatika kwa njia kuna maana ya iliki kuozea nyumbani na mgonjwa kubebwa kwa machela. Mgeni anarudi mjini Jumapili jioni na hadithi nzuri.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila msitu wa hifadhi unaopokea magari utangaze ramani ya njia zinazoruhusiwa, kwa Kiswahili, langoni na mtandaoni, na njia isiyokuwamo ihesabiwe imefungwa. Pili, njia za starehe zifungwe wakati wa masika, huku wakazi wakiendelea kutumia barabara zao za lazima. Na msimamizi wa msitu awe na mamlaka ya kufunga njia siku hiyohiyo mvua ikizidi, bila kusubiri barua kutoka makao makuu. Tatu, ada izingatie uzito wa chombo, na sehemu yake ibaki kwenye mfuko wa matengenezo ambao serikali za vijiji jirani zina sauti ndani yake. Nne, daftari la lango liwe moja kwa wote: bodaboda, mtalii, mheshimiwa, na mhadhiri na wanafunzi wake. Kila chombo kiandikwe, saa ya kuingia na ya kutoka. Daftari hilo lisomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji, kila robo mwaka. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika; kalamu inatosha, na wakubwa wakubali kuandikwa.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, nina ombi la ziada. Msiidharau mada hii kwa kuiona ndogo kando ya katiba, uchaguzi na deni la taifa. Swali la nani anasimama kwenye kizuizi na nani anainuliwa kizuizi ni swali la katiba. Limevaa tope tu. Mkienda msituni, andikeni mnachokiona, piga picha ya mfereji na si ya gari lililoukata, na mzee mwenye shamba chini ya mteremko mpeni nafasi ya kusema kabla ya mtaalamu. Na siku mtakapopewa magari yenye namba za serikali, maana wengi wenu mtapewa, msimame langoni kama kijana wa tangawizi alivyosimama.